Kurisiti Kidato cha Nne Wakati Moyo Haupo: Mwongozo wa Kurudi Mezani

Kila Januari matokeo yakitoka, swali ni lile lile. Mmoja ananisimamisha sokoni Mbuyuni, hapa Moshi, nikichagua ndizi, mwingine anakuja na mama yake mpaka nyumbani Pasua, mwingine anapiga simu usiku na kukaa kimya kwanza. "Dada, nataka kurisiti, ila nikishika kitabu moyo unakataa. Nifanyeje?" Kurisiti ni kurudia mtihani, na habari za ada na usajili wanaweza kuzipata popote. Kinachowashinda ni kukaa tena mbele ya kitu kilichowaumiza.

Hapa nimeandika kile ninachowaambia. Mimi nilifanya mtihani mwaka 2012, ule mwaka ambao zaidi ya nusu ya watahiniwa wa shule walipata daraja sifuri, Waziri Mkuu akaunda tume, na Mei 2013 matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Wenzangu kadhaa walipanda. Mimi nilibaki pale pale. Mwaka 2014 nikarisiti nikatoka na D moja, ya Kiswahili. Mwaka 2016 nikarudi tena, nikapata C tatu na D mbili, nikaingia chuo Tengeru kusomea maendeleo ya jamii. Sasa jioni nakaa na wanaorisiti hapa Moshi, na wachache wanaopanda basi kutoka Usa River na Arusha siku za Jumamosi.

Jambo moja nalisema mapema kwa sababu ndilo linalowachelewesha wengi: usisubiri hamu irudi ndipo uanze. Sijamwona hata mmoja aliyerudiwa na hamu akiwa amekaa tu. Huwa inarudi wiki ya tatu au ya nne ya kazi, siku unapopata swali lililokushinda juzi. Kwa hiyo hatua zote hapa chini zimepangwa kwa mtu ambaye leo hana hamu kabisa. Kama ni wewe, uko mahali sahihi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Matokeo yako ya zamani yakiwa yamechapwa kwenye karatasi, pamoja na namba yako ya mtihani.
- Kaunta buku mbili. Moja ya kazi, moja ya makosa. Usizichanganye.
- Mitihani iliyopita ya miaka mitano ya kila somo utakalorudia. Inauzwa kwenye stationari nyingi za mjini, na mingi inapatikana bure kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani.
- Fomati ya mtihani ya somo hilo na ripoti ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Zote ziko kwenye tovuti hiyo hiyo, bure. Nitaeleza mbele kazi yake.
- Saa, au simu yenye kengele.
- Mtu mmoja. Mmoja tu.
- Dakika 50 kwa siku ambazo hakuna anayekudai.

Usivyovihitaji mwanzoni: tuisheni ya bei kubwa, vitabu vipya, na uamuzi kuhusu maisha yako yote. Hivyo viache kwanza.

Hatua ya 1: Fungua matokeo uyasome upya

Wengi waliyaona mara moja, siku ile, wakiwa wanatetemeka kwenye simu ya mtu. Hawajayagusa tena. Kinachobaki kichwani ni neno moja, "nilifeli", na neno hilo linazidi kuvimba kila mwaka.

Kijana mmoja wa bodaboda kule Kiboriloni alikaa miaka miwili akiwaambia watu amepata ziro. Nilipomwomba alete karatasi, tukakuta ana foo, yaani daraja la nne, ya pointi 32: C ya Baiolojia, D ya Kiswahili, mengine F. Siku zote alitaka utabibu. Tukasoma masharti ya stashahada ya utabibu ya mwaka ule: ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, Kemia, Baiolojia na Fizikia yakiwemo. Akahesabu kwa vidole, akanyamaza. Alichokosa kilikuwa D mbili. Miaka miwili alikuwa amebeba mzigo wa masomo saba kumbe wake ni wa mawili.

Chukua karatasi yako asubuhi, baada ya chai, ukiwa umelala vizuri. Chora safu mbili. Ya kwanza andika masomo yaliyosimama, hata kama ni D. Ya pili andika yaliyoanguka. Soma safu ya kwanza kwa sauti.

Angalia: usifanye hatua hii usiku ukiwa peke yako. Usiku kila F inaonekana kubwa kuliko ilivyo.

Hatua ya 2: Tafuta sababu yenye mpini

Mbele ya kila somo lililoanguka, andika kwa nini lilianguka. Halafu jiulize kama sababu hiyo ina mpini, yaani kama kuna mahali pa kuishika ukaifanyia kazi.

"Mimi ni mzito" haina mpini. Huwezi kuishika popote. "Nina mkosi" haina. "Ukoo wetu hawasomi" haina, na hata ingekuwa kweli haikusaidii Jumatatu asubuhi. Lakini "hatukuwa na mwalimu wa Fizikia kidato cha tatu chote" ina mpini: mada za kidato cha tatu zinajulikana, zinahesabika, unazianza. "Nilikuwa nakariri madesa, noti za kunakili, bila kuandika jibu hata moja" ina mpini. "Nilikuwa nafika nyumbani saa mbili usiku, nimechoka, halafu kuna ng'ombe wa kukatiwa majani" ina mpini, kwa kuwa sasa unaweza kupanga saa nyingine. "Swali nililielewa ila Kiingereza cha kujibia sikuwa nacho" ina mpini mzuri sana.

Hapa ndipo nilipokosea mwaka 2014. Nilijiambia 2012 nilifeli kwa sababu sikujituma. Nikajituma. Nilikesha, niliweka miguu kwenye beseni la maji baridi nisisinzie, nilipiga msuli mpaka macho yakavimba. Ila nilisoma kwa namna ile ile: nanakili noti za mwenzangu, nazikariri, nafunga daftari. Sikuwahi kujipima hata swali moja kwa saa. Nikaingia chumbani na njia ya 2012, nikatoka na matokeo yanayofanana na ya 2012. Kilichoniumiza zaidi ya kufeli ni kwamba mara hii nilikuwa nimejitahidi kweli, na nikahitimisha kwamba basi tatizo ni mimi.

Ukiwa Moshi asubuhi isiyo na mawingu unauona mlima Kilimanjaro, kwa hiyo niruhusu nikupe habari yake moja. Hans Meyer, Mjerumani, alijaribu kufika kileleni mwaka 1887 akashindwa kwa theluji na barafu ya juu. Mwaka 1888 akarudi, safari hiyo hata mlima hakuupanda: alinaswa kwenye vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani huko pwani, akatekwa, akaachiwa kwa fidia. Mwaka 1889 alikuja na mambo mengine kabisa. Alimleta Ludwig Purtscheller, mpanda milima mzoefu wa Austria. Inasimuliwa pia kwamba alikuwa na kijana wa Marangu aliyeijua njia, Yohani Kinyala Lauwo. Akaweka kambi katikati ya mlima zikiletewa chakula na wapagazi, ili akishindwa siku moja asilazimike kushuka mpaka chini. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta, muda ukawaishia, wakarudi kambini. Tarehe 6 wakafika juu. Zile kambi ndizo zilizomwezesha kupanda tena baada ya siku tatu tu.

Kwa hiyo chini ya ukurasa wako andika sentensi moja: "Safari hii nitabadilisha ____." Kama huwezi kujaza nafasi hiyo, usilipe ada bado. Rudi juu, tafuta mpini.

Hatua ya 3: Chagua mlango, halafu hesabu masomo

Kwa viwango vinavyotumika kidato cha nne, alama 30 ni D, 45 ni C, 65 ni B, 75 ni A. Ziandike ukutani. Mtu anayedhani anatakiwa kupata 80 ili aonekane mtu atakata tamaa wiki ya pili. Anayejua anatafuta 30 katika Kemia atapanga kazi ya 30.

Kidato cha tano kinadai C zisizopungua tatu, tena zenye kukaa pamoja kwenye mchepuo, yaani kundi la masomo utakayosoma huko. Kozi nyingi za cheti vyuoni zinadai ufaulu wa masomo manne, D zikihesabiwa. Afya ina masharti yake kama nilivyosema juu. Ufundi kupitia VETA una mlango wake, na kwa baadhi ya vijana wangu ulikuwa mlango bora kuliko kurisiti. Nenda ulizia chuoni kwenyewe au soma mwongozo wa udahili wa mwaka huu, usitegemee habari za mtaani.

Vyuo vingi huunganisha matokeo ya miaka miwili. Maana yake D uliyonayo haifi. Wengi wa wanafunzi wangu hurudia masomo matatu mpaka matano. Anayekuja na orodha ya saba namwomba tupunguze. Ila hakikisha na chuo unachokitaka kabla hujaamua.

Kama hukuwahi kufika kidato cha nne, njia yako inaanza na Mtihani wa Maarifa, ule unaoitwa QT. Na kama uliacha shule kwa ujauzito, tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana warudi kwenye shule za kawaida. Nenda pia ofisi ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya mkoa wako. Mdogo wangu, nenda na mtoto mgongoni kama hakuna wa kumwachia.

Hatua ya 4: Jisajili mapema

Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, na ukichelewa kuna nyongeza ya ada, kisha dirisha linafungwa. Angalia tangazo la mwaka wako. Nenda kwenye kituo mwenyewe ukiwa na namba yako ya mtihani ya zamani na picha ndogo. Hakikisha jina linaandikwa herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye matokeo ya kwanza, maana ukija kuunganisha vyeti viwili vyenye majina tofauti utahangaika.

Angalia: usimpe mtu hela mkononi akusajilie. Lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo na utunze risiti. Kila mwaka nampata mmoja anayefika Novemba na kukuta jina lake halipo.

Hatua ya 5: Jipime bila kusoma

Kwa kuwa matokeo hayaonyeshi alama, F yako inaweza kuwa 8 au inaweza kuwa 29. Hujui. Kwa hiyo chukua mtihani mmoja uliopita wa kila somo, kaa saa moja, jibu unachoweza, bila maandalizi. Sahihisha, au mpe anayeweza kusahihisha. Andika alama.

Itauma. Lakini mara nyingi kuna somo moja linaloshangaza, ukakuta una 22 au 25. Anza na hilo. Wengi wanaanza na somo gumu kuliko yote, eti walimalize kwanza, na linawamaliza wao. Moyo uliovunjika unahitaji ushindi mdogo ndani ya mwezi wa kwanza.

Hatua ya 6: Dakika 50, mahali pamoja, saa ile ile

Siku za mwanzo usipange kusoma kwa muda wa saa nne. Panga dakika 50, siku tano za wiki.

Tafuta mahali ambapo si kitandani. Maktaba ya mkoa ipo Moshi na ipo Arusha, ulizia utaratibu wa kuingia. Chumba cha shule ya Jumapili kanisani, ukumbi wa madrasa baada ya watoto kuondoka, meza ya nyuma ya duka la shangazi kabla halijafunguliwa. Binti mmoja wa saluni ya Majengo alisoma kwenye kiti cha kuoshea nywele, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa sababu wateja wanaanza saa mbili. Yule kijana wa bodaboda alikuwa anasoma saa nane mchana, abiria wanapopungua. Wa kwetu vihambani, kwenye mashamba ya ukoo, wenye mifugo, alfajiri haifai, tafuteni baada ya kukama.

Sasa siku ambayo moyo umekataa kabisa, fanya hivi. Kaa. Fungua mtihani uliopita. Chukua swali moja na ulinakili kwa mkono, neno kwa neno, kwenye daftari la kazi. Usilijibu. Nakili tu. Likiisha, nakili la pili. Mara nyingi ukifika la tatu mkono utaanza kujibu wenyewe. Usipoanza, umenakili maswali matatu na umekaa mahali pako, siku imehesabika. Hii ndiyo mbinu niliyoishi nayo Machi yote ya 2016, na naiamini kuliko maneno yoyote ya kutia moyo niliyowahi kuambiwa.

Angalia: usilipe deni la dakika. Ukikosa Jumanne, Jumatano ni dakika 50 zile zile, usizifanye 100. Deni la masomo ndilo linalowatoa watu barabarani kimya kimya.

Hatua ya 7: Daftari la makosa

Hii ndiyo kazi yenyewe, nyingine zote ni maandalizi.

Kila swali ulilokosa linaingia kwenye kaunta buku ya pili. Andika swali kwa kifupi, jibu lako ulivyolikosea, jibu sahihi, na mstari mmoja: nilikosea wapi? Kisha tarehe. Baada ya siku saba funika jibu na ulijaribu tena. Ukipata, weka alama ya vema. Ukikosa, liandike upya mbele. Swali likipata vema mbili, limetoka.

Baada ya wiki sita utaona makosa yako yana ukoo. Mwingine hasomi swali mpaka mwisho. Mwingine anaulizwa "eleza" anataja. Mwingine hesabu anaijua ila anasahau alama ya kutoa. Ukiwajua ndugu hao, hofu inapungua, kwa sababu sasa adui ana majina manne au matano, si kitu kizima kinachoitwa mtihani.

Hapo ndipo ripoti za uchambuzi wa majibu zinapofanya kazi. Baraza la Mitihani linaonyesha, swali kwa swali, watahiniwa walikosea nini, pamoja na sampuli za majibu mazuri na mabaya. Soma jibu baya kwanza. Wengi wanasema, "Hata mimi ningeandika hivi." Kumbe maelfu waliandika hivyo hivyo. Kwa mtu aliyedhani ujinga ni wake peke yake, hiyo ni dawa.

Nitoe mfano wa Hisabati, somo linaloangusha watu wengi kuliko mengine mwaka hadi mwaka. Kwa fomati niliyoizoea kuna maswali 14. Sehemu A ina 10, kila moja alama 6. Sehemu B ina manne, kila moja alama 10. Unatafuta 30? Ni maswali matano ya sehemu A yaliyokamilika, au matatu ya sehemu B. Chagua mada sita unazoweza kuzishika: takwimu, matriki, seti, uwiano na faida, akaunti, linia programingi. Zifanye mpaka mkono uzijue. Mada nyingine zisalimie tu kwa mbali mpaka hizi sita zisimame. Kuna walimu watakaonipinga hapa. Kwa mwanafunzi wa shule mwenye miaka minne mbele yake wako sahihi. Kwa mama wa miaka 26 mwenye miezi nane na genge la nyanya, nashikilia msimamo wangu.

Hatua ya 8: Mtu mmoja na namba tatu

Mwambie mtu mmoja kwamba unarisiti. Asiwe anayekuhurumia sana, wala anayekufokea. Mama mdogo, fundi unayefanya naye kazi, jirani mstaafu. Kila Jumapili jioni mpelekee namba tatu tu: siku ulizokaa, maswali uliyojibu, makosa yaliyotoka kwenye daftari. Asikuulize zaidi. Wangu alikuwa bibi wa nyumba ya pili ambaye hakusoma kabisa. Alikuwa anazichora namba zangu kwa mkaa ukutani jikoni kwake, na wiki niliyopeleka sifuri alichora sifuri, akanimiminia chai.

Ndugu wengine wote si lazima wajue. Desemba ukoo mzima unapanda kihambani na maswali ni mengi. Jibu fupi linatosha: "Naendelea, mjomba."

Hatua ya 9: Kuanzia Agosti, mtihani mzima

Kila Jumamosi fanya karatasi moja kamili, kwa muda wa saa tatu, bila simu, bila kuinuka. Sahihisha Jumapili. Linganisha na alama za hatua ya 5. Mtihani ni Novemba, kwa hiyo Jumamosi za kujizoesha si nyingi. Usizitoe kwa harusi.

Shida zinazojitokeza

*Nikifungua kitabu nasinzia.* Jaribu saa nyingine kwanza. Kisha acha kusoma, anza kuandika. Ukiendelea kusinzia kila siku hata umelala vya kutosha, nenda zahanati ukapimwe damu. Nimewaona wawili waliojiita wavivu kumbe wana upungufu wa damu.

*Wadogo zangu waliofaulu wananicheka.* Usisomee sebuleni. Wala usiwajibu. Na daftari la makosa usilionyeshe kwa asiyehusika, ni siri yako na kazi yako.

*Kiingereza kinanikwamisha masomo yote.* Jifunze kwanza maneno ya maagizo ya mtihani, yale yanayokuambia taja, eleza, linganisha, kokotoa, thibitisha. Hayafiki 30. Andika kila moja na maana yake na mfano wa jibu. Kisha kwa kila mada kariri sentensi tano za kujibia, nzima nzima. Utakuta umevuka mto mkubwa kwa daraja dogo.

*Hela ya tuisheni sina.* Tafuta wenzako wawili wanaorudia somo hilo hilo. Kila wiki kila mmoja anafundisha mada moja. Changeni mkamlipe mwalimu siku moja kwa mwezi, na mwende kwake na daftari za makosa, mkimwonyesha pale mnapokwama. Mwalimu ukimpelekea swali mahususi anakusaidia zaidi kwa saa moja kuliko kwa wiki ya kunakili ubaoni.

*Nilianza vizuri, mvua za masika zikanikatisha, sasa ni wiki tano sijagusa.* Usianze upya kutoka ukurasa wa kwanza. Fungua daftari la makosa pale ulipoishia, chukua kosa la mwisho, lifanye leo. Ni hilo tu kwa leo.

*Sioni hata faida ya kuishi.* Hapa mtihani unawekwa pembeni. Mwambie mtu leo, usisubiri kesho, usibaki peke yako usiku huu. Moshi nenda hospitali ya Mawenzi au KCMC, Arusha nenda hospitali ya Mount Meru, useme wazi kwamba mawazo yako yamefika hapo. Kama wewe ni mtoto au kijana mdogo, namba 116 ya msaada kwa mtoto inapigwa bure. Mimi nilifika karibu na hapo mwaka 2015, na kilichonivusha ni muuguzi aliyeniuliza swali moja kwa upole na kusubiri jibu. Mtihani unarudiwa hata baada ya miaka kumi.

*Kituo changu ni shule ile ile niliyofelia. Nikiona geti miguu inakufa.* Yalinikuta. Nenda Jumamosi moja ya Oktoba, mchana, ukiwa na kalamu na karatasi. Msalimie mlinzi, mweleze kwamba utafanyia mtihani hapo na unaomba kuliona darasa. Akikuruhusu, kaa kwenye dawati dakika kumi na ujibu swali moja unalolijua vizuri, lolote. Akikataa, jibu swali hilo ukiwa umekaa chini ya mti nje ya geti. Halafu vuka barabara kwa mama ntilie, kunywa chai, panda daladala urudi nyumbani. Wiki inayofuata nenda tena.